Huyu si bosi wetu? Wasomaji wa katuni ya Dilbert na afya ya mtu kazini

Hebu fikiri umeingia katika ofisi za kampuni kubwa huko Marekani, mwaka 1995 hivi. Hakuna vyumba. Kuna ukumbi mmoja mpana uliokatwakatwa kwa kuta fupi, kila mtu na kijichumba chake kisicho na mlango wala dirisha. Ukisimama unaona vichwa vya wenzako. Ukikaa huoni kitu ila kompyuta. Na kwenye kuta hizo, kijichumba baada ya kijichumba, kuna kipande cha gazeti kimebandikwa kwa pini: picha tatu ndogo katika mstari mmoja, na ndani yake mtu mwenye miwani asiyechorwa mdomo, tai yake imejikunja kwenda juu kama mkia wa mbwa.

Jina lake ni Dilbert, mhandisi. Bosi wake haelewi kazi anayoisimamia. Mikutano haiishi. Agizo la leo linakuja kufuta agizo la jana. Basi, hiyo ndiyo hadithi. Hakuna ngumi, hakuna majambazi, hakuna mrembo wa kuokolewa. Mbona basi watu waliikata gazetini wakaibandika ukutani?

Katika somo hili hatutamtazama sana mchoraji. Tutawatazama wasomaji: walicheka nini, waliandika nini, na mmoja wao alipata taabu gani kwa ajili ya picha tatu tu. Na kama unajiuliza katuni ya ofisini inatafuta nini ndani ya gazeti la afya, subiri kidogo, tutafika.

ANWANI KATI YA PICHA

Mchoraji aliitwa Scott Adams. Alianza kazi katika benki huko San Francisco mwaka 1979, akakaa dirishani kuhudumia wateja, na mara mbili majambazi walimnyooshea bastola. Mwaka 1986 akahamia kampuni ya simu ya Pacific Bell. Alichora alfajiri kabla ya kwenda kazini. Dilbert ilianza kutoka magazetini tarehe 16 Aprili 1989, na Adams aliendelea kuajiriwa mpaka 1995. Maana yake ni kwamba kwa miaka sita alikuwa akiichora ofisi huku mwenyewe amekaa ndani yake.

Mwanzoni katuni haikuwa ya kazini hasa. Mara nyingi Dilbert alikuwa nyumbani na mbwa wake Dogbert, mbwa mfupi mnene mwenye miwani na tamaa ya kutawala dunia. Mambo yalibadilika mwaka 1993, pale Adams alipoandika anwani yake ya barua pepe katika ile nafasi nyembamba kati ya picha na picha. Siku hizo mchora katuni kuwapa wasomaji anwani namna hiyo lilikuwa jambo geni. Barua zikamiminika. Nyingi zilisema jambo lilelile: tunampenda zaidi Dilbert akiwa kazini. Adams akasikia, akamhamishia ofisini, na hapo ndipo katuni iliposhika moto. Ilikuja kutoka katika magazeti kama 2,000, katika nchi zaidi ya 50. Mwaka 1997 Adams alipewa tuzo ya Reuben, ambayo wachora katuni wa Marekani humpa mwenzao aliyefanya vizuri kuliko wote.

Kuna barua za aina moja ambazo Adams alizisimulia mara nyingi. Msomaji anaandika kwamba lazima Adams anafanya kazi kwenye kampuni yao kwa siri, maana yule bosi aliyechorwa ni bosi wao hasa, na zile nywele zake mbili zilizosimama kama pembe. Halafu mwingine, wa kampuni nyingine, mji mwingine, anaandika hayohayo. Hebu lifikirie hilo. Watu ambao hawajawahi kuonana, kila mmoja akidhani taabu yake ni ya ofisi yake peke yake, wote wanautambua uso mmoja.

Ila hapa weka alama pembeni. Nani hasa aliandika? Mwaka 1993 mwenye barua pepe alikuwa mhandisi, mtu wa kompyuta, mfanyakazi wa kampuni kubwa, mtu wa chuo kikuu. Mfagiaji wa ofisi kama ile ya Dilbert hakuwa nayo. Mlinzi wa getini hakuwa nayo. Kwa hiyo tukisema “wasomaji walitaka hivi”, tunasema wale wenye chombo cha kuandikia. Ukiwa mhariri wa gazeti la ukutani hapo shuleni kwenu, hilo ni swali la kujiuliza kila unapopokea barua: nani hajaandika, na kwa nini?

PAKA ALIYEPEWA JINA NA WASOMAJI

Mwaka 1994 Adams alichora paka. Hakukusudia abaki, alikuwa wa kupita tu, na hakumpa hata jina. Lakini wasomaji walimpenda palepale. Na kwa kuwa tayari kulikuwa na Dilbert na Dogbert, wakaanza wenyewe kumwita Catbert. Adams akamrudisha, safari hii kwa cheo: mkuu wa idara ya utumishi, yule anayeshughulika na kuajiri na kufukuza. Kwa nini paka? Ukiwahi kumwona paka na panya utajua. Hamli mara moja. Anamwachia kidogo, anamrudisha, anamchezea, ndipo.

Ili uelewe kwa nini mzaha huo uliwachoma watu, kumbuka miaka ilivyokuwa. Mwaka 1993 kampuni ya kompyuta ya IBM ilipunguza wafanyakazi wapatao 60,000. Januari 1996 kampuni ya simu ya AT&T ilitangaza kupunguza 40,000. Wazazi wengi wa Tanzania na Kenya wanalijua neno hilo la kupunguzwa, maana miaka hiyohiyo lilibisha hodi kwenye maofisi ya serikali na mashirika ya umma huku kwetu.

Wahusika wengine nao walichotwa kwenye maisha. Wally, mfupi mwenye upara na kikombe cha kahawa mkononi, hafanyi kazi yoyote na wala hajifichi. Adams alieleza kwamba alimpata kwa mfanyakazi mwenzake wa Pacific Bell. Kampuni ilikuwa ikitoa malipo mazuri ya kuondokea kwa wafanyakazi wabovu kabisa, basi jamaa huyo, ambaye akili zake zilikuwa timamu mno, akaamua kujitahidi kuwa mbovu. Alice ni mhandisi hodari anayefanya kazi masaa mengi, na hasira zake ziko karibu. Asok ni kijana kutoka India aliyekuja kwa mazoezi ya kazi: msomi sana, na anaamini kila anachoambiwa. Huyo Asok tutamrudia.

MWILI NAO UNASIKIA

Sasa tuje kwenye afya. Mbwa mkali akikurukia njiani, mwili wako unamwaga homoni, adrenalini kwanza, halafu kotisoli. Moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli, sukari inapanda katika damu. Umejiandaa kupigana au kutimua mbio. Mbwa akishaondoka, mwili unatulia. Utaratibu huo ni mzuri, na mababu zetu waliponea hapo walipokutana na simba.

Taabu ni kwamba mwili hautofautishi vizuri simba na bosi. Na bosi hapigwi, wala humkimbii. Unakaa kitini, unasema “sawa mzee”, na moyo unadunda kwa ndani. Kesho tena. Mambo haya yakiendelea miezi na miaka, usingizi unapungua, kichwa kinauma, tumbo linavurugika, presha inapanda, na mtu anaanza kutafuta nafuu kwenye pombe na sigara. Huo ndio msongo wa mawazo wa kazini, na si maringo ya watu wa ofisini kama wengine wanavyodhani.

Je, nani anaumia zaidi? Wengi hudhani ni wakubwa, maana ndio wenye majukumu. Uingereza walilichunguza jambo hilo. Kuanzia mwaka 1967 watafiti waliwafuatilia watumishi wa serikali wa London, wanaume zaidi ya 17,000, kuanzia wakuu mpaka matarishi. Uchunguzi huo unaitwa wa Whitehall, jina la mtaa wa wizara. Majibu yalikuwa kinyume cha yaliyodhaniwa: wale wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo mara tatu hivi kuliko wakuu. Ni kweli, watu wa chini walivuta sigara zaidi. Lakini hata sigara, presha na mengine ya namna hiyo yalipohesabiwa, sehemu kubwa ya tofauti ilibaki palepale.

Mwaka 1985 ukaanza uchunguzi wa pili, ukiongozwa na Michael Marmot, kwa wanaume na wanawake 10,308. Humo likajitokeza jambo la kuangalia sana: kauli. Mtu asiye na kauli juu ya kazi yake, asiyeamua aanze na nini, asiyeweza kupumzika anapohitaji, asiyeulizwa kitu, ndiye aliyekuwa katika hatari zaidi ya kupata ugonjwa wa moyo. Mmarekani Robert Karasek alikuwa ameshaandika mwaka 1979 kwamba mchanganyiko mbaya kuliko yote ni kazi nyingi pamoja na kauli ndogo.

Sasa rudi kwa Dilbert. Ana mshahara, ana kiti, ana kivuli. Mtu anayelima kwa jembe la mkono juani angemwonea wivu. Lakini kauli hana. Anaijua kazi kuliko bosi wake, na hakuna anayemuuliza. Wasomaji walipoandika kwamba huyu ni bosi wetu, hawakuwa wakilalamikia uzito wa mzigo. Walikuwa wakikitaja, bila kujua, kitu kilekile ambacho watafiti wa London walikuwa wakikihesabu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya kuchoshwa kabisa na kazi katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, ICD-11. Lilisema wazi kwamba hali hiyo yenyewe si ugonjwa, bali inatokana na msongo wa kazini uliodumu na usioshughulikiwa. Dalili zake ni tatu: nguvu kukwisha, moyo kuwa mbali na kazi mpaka mtu anaidharau, na kazi yenyewe kutofanyika vizuri. Mtazame tena Wally na kikombe chake. Wasomaji walimwona mvivu wa kuchekesha. Daktari angeweza kuiona dalili ya pili imevaa shati na tai.

KUCHEKA KUNATOSHA?

Hapa wasomaji waligawanyika, na ubishi wao unafaa sana darasani. Mwaka 1997 mwandishi Norman Solomon alitoa kitabu kizima cha kuishambulia Dilbert. Hoja yake kwa ufupi ni hii: katuni inawacheka mabosi wadogo wenye nywele za pembe, huku ikiuacha mpango wenyewe wa kampuni kubwa ukae salama. Mfanyakazi anacheka, anabandika ukutani, anarudi kitini. Hasira imetoka kama upepo wa tairi. Kampuni haijapoteza kitu. Tena zipo kampuni zilizowatumia wahusika haohao katika matangazo yao, na kwa Solomon huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.

Upande wa pili nao una la kusema. Mtu anayedharauliwa kila siku huanza kujishuku. Labda mimi ndiye mjinga? Labda ni mimi tu nisiyeelewa? Halafu anaikuta katuni gazetini, anacheka, na mwenzake wa kijichumba cha pili anacheka pia. Kumbe si mimi peke yangu! Hiyo si nafuu ndogo. Watu wawili waliocheka pamoja wanaweza kesho yake kuzungumza.

Mimi kwa maoni yangu Solomon alikuwa na haki zaidi kuliko mashabiki wa Dilbert walivyotaka kukubali. Kilichowaumiza watu wa Whitehall ni kukosa kauli, na kicheko si kauli. Unaweza kucheka miaka kumi na presha yako ikawa ileile. Lakini alikosea kudhani kwamba katuni ikishabandikwa ukutani imekufa. Kisa kinachofuata kinaonyesha mabosi wengine walivyoiogopa.

PICHA ILIYOMFUKUZISHA MTU KAZI

Mwaka 2007, katika jimbo la Iowa, kasino moja ilitangaza kwamba itafungwa na wafanyakazi wapatao 170 watapoteza kazi. Mfanyakazi mmoja, aliyekuwa amefanya kazi pale miaka saba, akachukua katuni ya Dilbert akaibandika kwenye ubao wa matangazo. Katuni hiyo iliwalinganisha wanaotoa maamuzi kazini na lemuri waliolewa. Lemuri ni wanyama wa Madagaska, jamaa wa komba wetu. Na Waswahili, ambao tangu zamani husema fulani amelewa kama komba, hatuhitaji kufafanuliwa mzaha huo.

Wakubwa hawakucheka. Walitazama kanda za kamera za ulinzi, wakamwona akibandika. Akafukuzwa. Huko Marekani mtu aliyepoteza kazi anaweza kuomba malipo ya kujikimu kwa muda, ila akiwa amefukuzwa kwa utovu wa nidhamu anaweza kunyimwa. Kampuni ikapinga asilipwe. Shauri likasikilizwa, na Desemba 2007 hakimu akaamua kwamba yule mtu alikosea kupima mambo, lakini kwa nia njema; haukuwa ukorofi wa makusudi. Malipo yake akapata.

Angalia jambo lilivyokuwa. Mtu yule hakuchora. Hakuandika hata neno moja. Alichukua kitu ambacho kilikuwa kimechapishwa magazetini nchi nzima, watu wakakisoma huku wakinywa chai ya asubuhi, akakiweka mahali ambapo watu waliokaribia kupoteza kazi wangepita. Gazetini mzaha ulikuwa wa mabosi wa dunia nzima, yaani si wa yeyote. Pale ubaoni ukawa na mwenyewe. Kazi aliyoifanya msomaji huyo ni ya kuchagua ubao tu, na hiyo ndiyo iliyobadili maana.

Halafu hadithi ikageuka kwa namna ambayo hata mtunzi wa riwaya asingethubutu. Februari 2008 Adams aliirudisha habari ile ndani ya katuni: Wally anabandika katuni ya namna hiyo ofisini, na anajikuta matatani. Msomaji aliyeadhibiwa kwa kubandika katuni akawa yeye mwenyewe katuni ya kubandikwa.

Je, alifanya sawa? Usijibu haraka. Ubao ulikuwa wa mwajiri, hilo ni kweli. Na yawezekana meneja aliyeiona picha ile hakuwa yeye aliyeamua kasino ifungwe; pengine naye alikuwa akihesabu siku zake. Lakini weka upande wa pili wa mizani watu 170 wenye kodi za nyumba na ada za watoto. Ndani ya kichwa cha kila mmoja simba ananguruma usiku kucha. Hao walikuwa na mahali gani pa kusemea? Kama palikuwapo, mkutano, chama cha wafanyakazi, hata boksi la maoni lenye mtu wa kulifungua, basi ubao ulikuwa uchaguzi mbaya. Kama hapakuwapo, nani ashangae kwamba mtu aliutumia ubao?

WASOMAJI WALIPOONDOKA

Barua si jibu pekee la msomaji. Jibu jingine ni kuacha kusoma, na Dilbert ililipata jibu hilo pia.

Mei 2022 Adams alimleta mhusika mpya aliyeitwa Dave, mhandisi mweusi, wa kwanza katika katuni ile baada ya miaka 33. Bosi anafurahi kwamba sasa kampuni itahesabiwa kuwa inaajiri watu wa kila namna, lakini Dave anamharibia hesabu kwa kusema kwamba yeye anajihesabu kuwa mweupe. Walikuwapo waliosema mzaha ni juu ya bosi, kama siku zote. Walikuwapo pia walioona kitu kingine: mtu kasubiri miaka 33 kuingia ofisini, na siku alipoingia hakupewa cha kuzungumzia ila rangi yake. Wally ana kahawa yake, Alice ana hasira zake, Asok ana ugeni wake. Dave je?

Septemba 2022 kampuni moja yenye magazeti mengi iliiacha Dilbert pamoja na katuni nyingine; Adams alisema magazeti yaliyohusika ni 77. Kisha Februari 2023, katika kipindi chake cha video na si katika katuni, Adams aliwaita Wamarekani weusi kundi la chuki na akawashauri weupe wakae mbali nao. Kwa siku chache tu mamia ya magazeti yakaiondoa Dilbert, na kampuni iliyokuwa ikiisambaza, Andrews McMeel, ikaachana naye. Baada ya hapo aliichora kwa ajili ya waliolipia kuiona kwenye intaneti.

Rudi kidogo kwenye ule ukumbi wa 1995. Katika vijichumba vile walikaa wafanyakazi weusi pia, na wao walikuwa na bosi, na mikutano, na pini. Mtu aliyebandika Dilbert ukutani kwake kwa sababu ilimfanya ajisikie hayuko peke yake, halafu akayasikia maneno yale, afanye nini na kile kikaratasi? Picha haikubadilika hata mstari mmoja. Wapo watakaosema kazi ni kazi na mtu ni mtu, tusivichanganye. Mimi ningekitoa ukutani. Lakini sitamshangaa aliyekiacha, maana aliyekuwa akimcheka ni bosi wake mwenyewe, si wa Adams.

ASOK NA WEWE

Tulisema tutamrudia Asok. Wengi wenu mtakuwa yeye siku moja. Utamaliza kidato cha nne au cha sita, utapata nafasi ya kujifunza kazi dukani, gereji, hospitali, kiwandani. Utafika umepiga pasi shati lako, na hutajua lipi la kawaida na lipi la kukuumiza. Wazee wa kazi watakwambia, “Ndiyo maisha, vumilia.” Mara nyingine watakuwa wanasema kweli. Fundi anayekurudisha kufungua tena boliti uliyoikaza vibaya anakufundisha. Anayekuita mjinga mbele ya wateja kila asubuhi hafundishi kitu.

Namna ya kutofautisha ni kuusikiliza mwili na kuandika. Nunua daftari dogo. Andika tarehe, nini kilitokea, nani alikuwapo. Kama kila Jumapili jioni tumbo linakusokota kwa kuifikiria Jumatatu, hilo nalo liandike. Baada ya wiki tatu soma ulichoandika. Mambo ambayo kichwani yalikuwa ukungu, kwenye karatasi huwa na sura, na mtu mwingine anaweza kukusaidia kwa sababu kuna cha kumwonyesha: mzazi, dada mkubwa, mwalimu aliyekupeleka, mjumbe wa chama cha wafanyakazi, muuguzi wa zahanati. Usingizi ukipotea wiki nyingi, au ukianza kuona heri usingekuwapo, usingoje daftari lijae. Nenda kwa mhudumu wa afya au mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo.

Na mkubwa wa kazi akikutaka kimapenzi ili akupe nafasi au cheti, huo si mzaha wa ofisini wala hauna picha ya kuchekesha. Juni 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190 dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini. Ulianza kutumika 2021, na umewataja waziwazi hata walio kwenye mafunzo, wakiwemo wanagenzi na wanafunzi wa mazoezi ya kazi. Yaani Asok. Ukiambiwa wewe si mfanyakazi kwa hiyo huna haki ya kulalamika, ujue mkataba huo unasema vingine.

KAZI YA KIKUNDI

Gawanyikeni watu wanne wanne. Kila kikundi kichague mahali pa kazi mnapopajua vizuri: saluni, shamba la mkonge, jiko la mama lishe, stendi ya mabasi, ofisi ya shule. Choreni picha tatu za jambo linalotokea hapo siku ya kawaida. Msimtaje mtu kwa jina wala msichore sura ya mtu halisi. Kama alivyofanya Adams na yule bosi wa pembe, tafuteni alama itakayotambuliwa na watu wa mahali pengi.

Mkimaliza, badilishaneni na kikundi kingine. Kikundi kilichopokea kisieleze kwamba picha ni nzuri au mbaya. Kiandike barua ya msomaji, mistari kumi hivi, kama mtu anayefanya kazi mahali palepale: bosi akiandika ataandika nini? Mfagiaji je? Mteja? Halafu someni barua zote kwa sauti, na mwulizane katika kila picha ni nani hana kauli, na katika barua zote ni nani hakuandika.

Mkitaka kuzibandika, zibandikeni. Ila kwanza amueni pamoja ni ubao upi, na ni wa nani.